SOMO: SAMAKI WA MWAMBANI HUKULIA WAPI?

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa changu, janja na aina nyingine nyingi za samaki wanaovuliwa mwambani hawakukulia hapo walipokamatwa. Somo hili linaeleza safari yao kwa mfano wa Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja.

Samaki wazima hutaga mayai mwambani au ukingoni mwake. Mayai huelea na mkondo, na vitoto vinavyoanguliwa hubakia maji makuu kwa majuma kadhaa kabla ya kutafuta pa kutua. Vingi havitui kwenye matumbawe. Huingia ghubani na kutua kwenye majani ya bahari, katika maji ya kina kifupi, ambako samaki wakubwa walao wenzao ni wachache, na kamba wadogo na kaa wachanga wa kuwala hawakosekani.

Kuhusu mikoko inafaa kutahadhari. Mengi yaliyoandikwa juu ya mikoko kuwa malezi ya samaki yametoka visiwa vya Karibi, ambako bahari hupanda na kushuka kidogo tu na mizizi haitoki majini. Kwetu sisi, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na sehemu kubwa ya msitu hubaki kavu. Kwa hivyo vitoto huingia mikokoni pamoja na maji, hujificha baina ya mizizi, na maji yakitoka hurejea kwenye vijito na majani. Uchunguzi uliofanywa Chwaka katika miaka ya 2000 ulionesha kuwa chakula cha wengi wao hutoka zaidi kwenye majani ya bahari kuliko mikokoni. Mikoko ni maficho. Majani ndiyo jiko. Anayeyaita majani hayo takataka za pwani hajawatazama vyema janja wadogo, kila mmoja na doa lake jeusi ubavuni, wanavyojipenyeza humo.

Kadiri samaki anavyokua, maficho hayo humbana na hamu ya chakula hubadilika. Huhamia maji ya kina zaidi, kisha mwambani, ambako atakomaa na kutaga. Ushahidi wake ameubeba kichwani. Kila samaki ana kijiwe cha sikio kinachoongezeka tabaka juu ya tabaka, na tabaka za ndani hubakia na alama ya maji aliyoishi utotoni. Kwa kupima vijiwe hivyo, wataalamu waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walithibitisha kuwa miongoni mwa janja wazima wa miamba ya pwani ya Dar es Salaam wamo waliolelewa katika mikoko na majani ya bahari.

Si samaki wote wanaohama. Yuko pono wa majanini ambaye huishi humo humo maisha yake yote. Kwake yeye, majani yakiondoka hakuna pa kukimbilia.

Tangu mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa, lakini samaki hawajui mpaka. Juya linalokokotwa juu ya majani ya Chwaka huchukua janja wa sentimita 8 au 10, ambaye hajawahi kutaga hata mara moja, na hung'oa majani yenyewe. Hasara haionekani siku hiyo. Humfikia baadaye mvuvi wa Uroa au Michamvi anayetega nje mwambani, ambaye huenda hajaliona juya hilo kamwe.

Kwa sababu hiyo, mtumishi anayepokea ombi la kukata miti ya mikoko, la kujenga ufukweni au la kufungua shamba la mwani, aulize pia kuna nini mbele ya eneo hilo maji yakijaa. Masheha nao wanaombwa kuzungumza na wasukaji wa madema katika shehia zao: dema likisukwa kwa macho mapana, janja wa urefu wa kidole hutoka mwenyewe.