Tovuti ya zamani, herufi za Kĩkamba

SWALI: Tovuti ya chama chetu cha wasusi wa vyondo hapa Wote iliundwa 2009. Kwenye simu maandishi ni madogo mno, na maneno ya Kĩkamba yanaharibika. Tuanze upya?

JIBU: Hapana. HTML haitupi kurasa za jana. Tagi kama <font> na <center> zimepigwa marufuku kwenye viwango vya sasa, lakini vivinjari bado vinazisoma. Kilichokufa kabisa ni Flash, iliyositishwa na Adobe mwisho wa 2020. Kama mnayo picha ya kuchezacheza pale juu, iondoeni.

Herufi ndizo kazi yenyewe. Usimbaji wa zamani wa Kizungu, Latin-1, haukuwa na ĩ wala ũ. Tazama jina la Kitui lilivyotokea. Ukiona «KÄ©tui», herufi ziko salama ila kivinjari hakijaambiwa kizisomeje: weka <meta charset="utf-8"> juu kabisa ndani ya <head>. Ukiona «K?tui», zilipotea faili lilipohifadhiwa, na hapo ni kuandika upya kwa mkono, faili likihifadhiwa kwa UTF-8. Kisha andika <html lang="kam">; kam ndiyo alama ya Kĩkamba kimataifa, na wachache mno huikumbuka.

Kwa simu, ongeza <meta name="viewport" content="width=device-width">, halafu badilisha majedwali ya mpangilio kwa CSS, ukianza na ukurasa wa bei.