Kalenda ya Mwami Kwanza, Saini Baadaye

Anayetaka barua zilizotiwa saini na wafalme walioondolewa madarakani huambiwa aanze na wa Ulaya, maana huko bei zinajulikana. Mimi naishi Yoba, hapa Gitega, Burundi, mji alikouawa mfalme wetu Ntare V Aprili 1972, kwa hiyo nilianza na wetu, na wetu ndio walionifikisha Ulaya. Mwambutsa IV, baba yake Ntare, alifia Geneva mwaka 1977. Umberto II wa Italia alifia mji huohuo mwaka 1983, na Michael wa Romania aliishi miaka mingi Versoix, kando ya ziwa lilelile. Ukifuatilia bahasha za mmoja, utakutana na za jirani zake.

Kabla hujauliza bei, andika kalenda ya mfalme unayemtafuta: lini alitawazwa, lini alitolewa, alilala wapi mwaka gani. Chukua Ntare, jina lake la awali Charles Ndizeye. Alimwondoa baba yake 8 Julai 1966, akatawazwa 1 Septemba, na 28 Novemba waziri mkuu wake, Micombero, akampindua yeye akiwa safarini Kinshasa. Barua ya Juni 1966 inayomwita Mwami (mfalme) Ntare V ni ya kughushi, hata saini ikipendeza vipi. Baadaye aliishi Ujerumani Magharibi, akafika Uganda Machi 1972, na tarehe 30 mwezi huo akarudishwa Burundi kwa helikopta. Alikufa ana miaka 24. Mtu kama huyo hakuacha barua nyingi, kwa hiyo muuzaji anayekutandikia tatu mezani kwa mpigo, mshukuru kwa chai uondoke.

Kwa Mwambutsa kalenda hukupa kitu kizuri zaidi. Aliondoka nchini baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, lakini aliendelea kuwa mfalme hadi Julai mwaka uliofuata. Ile miezi alikuwa anatawala kwa posta! Barua yake ya wakati huo kutoka Uswisi, yenye cheo chake kamili, ndiyo ninayoitafuta kuliko zote.

Usitenganishe barua na bahasha yake. Stempu za ufalme ziliendelea kutumika baada ya mapinduzi zikiwa zimechapwa jina la Jamhuri juu yake. Ukiiona stempu ya namna hiyo kwenye bahasha inayodaiwa kutumwa kabla ya 28 Novemba 1966, huna haja ya kuendelea kuichunguza.

Saini yenyewe itazame kwa mwanga wa pembeni. Wino wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi na mara nyingi kalamu huacha mfereji mdogo. Saini iliyochapwa hulala bapa, na chini ya kioo cha kukuzia huonyesha vitone. Ilinganishe na saini ya miaka hiyohiyo, kwa kuwa mkono wa kijana wa miaka 25 si mkono wake akifika 60.

Kwa wazee wetu wanaotunza barua hizi nyumbani, usianze kwa kuomba barua. Keti, zungumza, kisha useme: "Mzee, naomba niisome tu." Ukikubaliwa, piga picha na umwachie karatasi yake. Kwa baadhi ya familia, karatasi ya kabla ya mauaji ya 1972 ina majina ya watu ambao hawakurudi nyumbani, na hiyo mimi siiwekei bei.

Kwa wafalme walio hai, kama Simeon II wa Bulgaria, aliyeng'olewa mwaka 1946 akiwa mtoto wa miaka tisa na kurudi kuwa waziri mkuu kuanzia 2001 hadi 2005, andika kwa mkono, kwa Kifaransa, na uulize swali moja la maana. Anayeomba saini hutumiwa picha. Anayeuliza swali ana bahati ya kujibiwa barua.

Kuhifadhi ni rahisi: bahasha ya karatasi safi, mbali na ukuta, hasa masika. Usipeleke barua kulaminishwa.

Vinavyopatikana kwa urahisi ni vyeti vya Kigeli V wa Rwanda, aliyeishi Marekani tangu 1992 hadi alipofariki 2016 na aliyewapa wageni vyeo na nishani. Saini ni yake, lakini cheti hakisimulii kitu. Nikipewa nitakibadilisha na barua yoyote ya Mwambutsa, hata iwe ya kulalamikia bili ya hoteli.