Corsair: Ndege Iliyotengenezewa Mto

Katika miaka ya 1930 Kisumu ilipokea ndege zake kubwa majini. Imperial Airways, kampuni ya Uingereza, ilianza huduma yake ya Afrika mwaka 1931. Kuanzia mwaka 1937 ndege zake mpya, zilizobeba abiria na barua kati ya Southampton na Durban, zilikuwa zikitua katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, zikajaza mafuta na kuondoka tena. Moja ya ndege hizo iliitwa Corsair. Mwaka 1939 iliharibika mahali ambapo hapakuwa na karakana wala ziwa. Ili kuelewa namna ilivyookolewa, ni lazima tuanze na swali la msingi: ndege ya majini ni chombo cha namna gani?

Ndege ya majini ni ndege ambayo mwili wake wenyewe ni mashua. Haina magurudumu ya kutua. Corsair ilikuwa na mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, injini nne, na uzito wa takriban kilo 18,000 ikiwa imejaa. Chombo kizito hivyo huelea kwa sababu ile ile inayofanya sufuria tupu ielee: mwili wake husukuma maji kando, na maji hayo nayo huusukuma kwenda juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Kwa hiyo Corsair iliyojaa ililazimika kuondoa mita 18 za ujazo ili ielee. Tumbo likipasuka, maji huingia na kuchukua nafasi ya hewa, nayo ndege huzama mpaka ifike chini.

Kuelea ni nusu ya kazi. Kupaa kunahitaji bawa lipate nguvu ya kuinua, yaani msukumo wa hewa kwenda juu. Nguvu hii hutegemea ukubwa wa bawa, uzito wa hewa yenyewe, na kasi. Kasi ina athari kubwa kuliko vingine, kwa kuwa ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Hapa wakazi wa ukanda wa ziwa wana jambo la kuzingatia. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Ndege ile ile, ikiwa na mzigo ule ule, lazima ikimbie kwa kasi zaidi Kisumu kabla ya kuacha maji, hivyo huhitaji nafasi ndefu zaidi.

Maji nayo hayaachilii kwa urahisi. Ndege inapoanza kwenda, hulima maji kama mashua yoyote, na ukinzani hupanda haraka. Kasi ikifika kiwango fulani, tumbo huinuka na kuanza kuteleza juu ya uso wa maji. Ndiyo sababu wahandisi huweka ngazi, yaani mkato wa ghafla unaokatiza sehemu ya chini ya tumbo. Mkato huo huruhusu hewa ipenye na kuvunja mshikamano wa maji na chuma. Bila ngazi hiyo injini zingeunguruma na ndege isingeondoka. Jambo hili litatufaa mbele: sehemu ya chini ya tumbo, ambayo jiwe hugonga kwanza, ndiyo yenye umbo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote.

Tarehe 14 Machi 1939 Corsair ilikuwa ikielekea kaskazini kutoka Ziwa Victoria kwenda Juba. Kifaa cha redio cha kutafutia mwelekeo kilitoa majibu yasiyo sahihi, na ndege ikapotea hadi ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Mafuta yalikuwa yakikaribia kuisha. Rubani wake alikuwa Alcock, ndugu wa Sir John Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1919. Alitua kwenye Dungu, mto mwembamba karibu na Faradje. Kutua kulifaulu, lakini jiwe lililojificha chini ya maji lilipasua tumbo. Watu wote walinusurika. Ndege ikakaa matopeni, mamia ya kilomita kutoka Kisumu.

Sasa tulitazame bati lake. Ndege hizi ziliundwa kwa duralumini, aloi ya alumini na shaba kidogo. Aloi ni metali iliyochanganywa na nyingine ili kupata sifa mpya, na duralumini ni nyepesi kama alumini lakini ina nguvu nyingi zaidi. Udhaifu wake ni kwamba shaba iliyomo huifanya iliwe na maji kwa urahisi, kwa hiyo mabati yalivikwa tabaka jembamba la alumini safi. Jiwe linapochana bati, tabaka hilo huondoka na kiini hubaki wazi. Pia duralumini haifai kuchomelewa ovyo, kwa kuwa joto kali huharibu nguvu iliyopatikana kiwandani. Fundi hukata sehemu iliyoharibika, hupima bati jipya, hulikunja lifuate umbo la awali, kisha hulifunga kwa ribiti, vijiti vifupi vyenye kichwa vinavyogongwa ncha ya pili hadi ipanuke. Mafundi walifanya kazi hiyo kando ya mto, mbali na mashine za kiwandani. Kazi yao inastahili heshima ile ile wanayopewa marubani.

Mwezi Julai 1939 ndege ilikuwa tayari. Ilijaribu kupaa, ikagonga jiwe tena. Kuziba tumbo kwa mara nyingine kusingetosha, kwa sababu kasoro ilikuwa imebaki mtoni: maji yalikuwa machache na njia ilikuwa fupi.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kujenga bwawa. Tufikirie mto unaoshuka mita 1 katika kila kilomita. Ukuta unaoinua maji kwa mita 3 huyatuliza nyuma yake kwa karibu kilomita 3. Maji yaliyoinuka hufunika mawe, hupanua njia na kuirefusha, yote kwa pamoja. Upande wa pili wa hesabu ni uzito. Ndege ikipunguzwa robo ya uzito wake, kasi ya kupaa hushuka kwa takriban asilimia 13. Zaidi ya hayo, injini zile zile huiongezea mwendo upesi zaidi kwa kuwa ndege ni nyepesi. Tukiacha ukinzani wa maji, mbio inayohitajika hupungua hadi kidogo zaidi ya nusu ya ile ya kwanza. Ukuta wa Dungu ulijengwa kwa nguvu za mikono ya wenyeji chini ya utawala wa Wabelgiji. Simulizi nyingi za Ulaya huwapitia haraka, ilhali bila wao ndege ingebaki pale pale.

Tarehe 6 Januari 1940 rubani Kelly-Rogers aliirusha Corsair kutoka katika maji hayo. Ilikuwa imekaa karibu miezi kumi. Wakati huo vita vilikuwa vimeanza, na kila ndege ilikuwa na thamani mpya. Mwaka huo huo ilihamia BOAC, shirika la taifa la Uingereza lililochukua mali za Imperial Airways. Baada ya Italia kuingia vitani mwezi Juni 1940, ndege za aina yake ziliunganisha Durban na Sydney kwa kupitia Kisumu na Misri. Nduguye wa kijeshi, Sunderland, alitoka katika kiwanda kile kile cha Short, akiwa na tumbo la umbo linalofanana lakini amewekewa bunduki na mabomu ya kuwinda manowari.

Corsair ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1947. Sunderland chache zimehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza na kwingineko, lakini kati ya ndege 42 za kundi la Corsair hakuna hata moja iliyobaki nzima. Hivyo picha ya zamani ya ndege juu ya Ghuba ya Winam, au kipande cha bati chenye ribiti kilichosahaulika ghalani, ni ushahidi adimu. Msomaji mwenye kitu cha namna hiyo asikiuze kwa wanunuzi wa vyuma. Akipeleke Makumbusho ya Kisumu, na amweleze mhifadhi kilipatikana wapi na kilikuwa mikononi mwa nani.