Homa ya Maziwa: Ng'ombe Aliyezaa Akishindwa Kuinuka



Hapa Kilwa na Lindi ng'ombe akilala asiinuke, tunawaza kwanza nagana au ndigana. Lakini kama amezaa ndani ya siku tatu zilizopita, fikiria pia homa ya maziwa. Asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku moja. Akitibiwa mapema, wengi husimama baada ya saa chache.

Chanzo

Ugonjwa huu hauletwi na kupe wala mbung'o. Ni kalsiamu kupungua ghafla katika damu. Madini haya hukaza mifupa, na bila hayo misuli haifanyi kazi. Damu yote ya ng'ombe mkubwa ina gramu 3 hivi tu, na kila lita ya dang'a huondoka na gramu 2 hivi.

Akiba iko mifupani. Kalsiamu ikipungua, tezi ndogo nne za shingoni hutoa homoni. Homoni hiyo ni mjumbe. Hufika kwenye mfupa na kushika ukuta wa nje wa seli zinazojenga mfupa, bila kuingia ndani. Kalsiamu iliyomo ndani ya seli hizo hupanda kidogo, nayo ni mojawapo ya ishara kwamba ujumbe umepokelewa. Kisha seli hizo huamsha wenzao wanaoyeyusha mfupa, na kalsiamu hutoka kwenda kwenye damu.

Kazi hii huchukua siku moja au mbili, na maziwa hayasubiri. Ng'ombe wa zebu huugua kwa nadra. Ukishapandisha dume wa kisasa ili upate chotara wa maziwa mengi, jihadhari, hasa akifikia uzao wa tatu na kuendelea.

Dalili

- Anayumba, anatetemeka, kisha analala.
- Masikio ni ya baridi na pua imekauka.
- Anageuzia kichwa ubavuni.
- Hatoi kinyesi.

Licha ya jina lake, mwili hauna joto.

La kufanya

1. Mwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Yeye humwekea kalsiamu kwenye mshipa polepole, kwa kuwa ikienda haraka moyo husimama.
2. Mlaze kifudifudi, umwegemeze kwa magunia ya majani. Akilala ubavu tumbo hujaa gesi.
3. Usimnyweshe dawa, maji wala mafuta. Koo limelegea, vitaingia mapafuni.
4. Usitegemee sindano ya OTC. Hairudishi kalsiamu.

Kinga

Wiki tatu kabla ya kuzaa, usimpe chokaa, unga wa mifupa wala lusina kwa wingi. Kalsiamu ikizidi, tezi hulegea, na siku ya kuzaa huchelewa kumtuma mjumbe. Mrudishie madini hayo akishazaa. Ng'ombe aliyewahi kuugua, usimkamue hadi kumaliza kwa siku mbili za kwanza. Lakini ndama anyonye dang'a mapema.

Masika njia zikijaa maji, mtaalamu huchelewa kufika. Andika tarehe ya kila jike kupandwa, hesabu miezi tisa, na umjulishe mapema.