MTAKATIFU FRANSISKA WA ROMA: MAMA WA NYUMBA, MAMA WA MASKINI



Mama mmoja wa darasa letu aliniuliza hivi: "Mwalimu, mnatufundisha kuwatazama wagonjwa na kuwasaidia maskini. Lakini mimi nina watoto, nina shamba, nina maji ya kuteka na muhogo wa kutwanga. Bwana wangu akirudi na kukuta jiko ni baridi, atasema dini imemharibia mke. Je, kazi hiyo si ya masista, wasio na watoto?"

Ulizo hilo ni jema. Sitalijibu kwa maneno yangu, bali kwa maisha ya mama mmoja aliyeolewa, aliyezaa, aliyezika watoto wake, na ambaye maskini wa Roma walimpenda kama mama yao mzazi. Ndiye Mtakatifu Fransiska wa Roma. Sikukuu yake ni tarehe 9 ya mwezi wa tatu.

1. Msichana aliyetaka kuwa mtawa

Fransiska alizaliwa mjini Roma mwaka 1384, katika ukoo wenye mali. Tangu utoto alitamani kuwa mtawa. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kumwahidia mchumba, na mwaka 1396, akiwa na miaka 12 hivi, akaozwa kwa Lorenzo wa ukoo wa Ponziani. Desturi ile hatuisifu. Eklezia hufundisha kwamba ndoa bila mapatano huru ya wote wawili si ndoa, na sheria ya nchi yetu hukataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18.

Fransiska alihuzunika sana. Ila katika nyumba ya mumewe alikuta rafiki, yaani Vannozza, mke wa ndugu ya Lorenzo. Kumbe naye alikuwa na hamu ileile ya kumtumikia Mungu! Basi wawili hao wakapatana: hawatakimbia nyumba zao; watasali pamoja, na watakwenda pamoja kuwahudumia wagonjwa. Wakaacha mavazi ya fahari, wakavaa nguo za kawaida. Wenzao matajiri waliwacheka, lakini waume zao hawakuwazuia. Lorenzo alimheshimu mkewe, na amani ya ndoa yao ilidumu miaka 40.

2. Kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu

Mungu aliwajalia watoto. Kati yao twawajua Battista, Evangelista na binti Agnese. Fransiska hakuwaachia watumishi kazi ya kuwalea. Aliwafundisha sala mwenyewe, na watumishi wa nyumbani aliwatendea kama ndugu, walipougua aliwauguza.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba siku moja alikuwa akisali sala za Bikira Maria katika kitabu. Alipofika kwenye aya moja, akaitwa kwa kazi ya nyumba. Akafunga kitabu, akaenda. Akarudi, akaanza tena aya ileile, akaitwa tena. Ikawa hivyo mara nne, wala hakukasirika hata mara moja. Aliporudi mwisho, akakuta aya ile imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Tusishike dhahabu tu, wapendwa, tushike mafundisho. Fransiska alisema kwamba mwanamke aliyeolewa, akiitwa na kazi ya nyumba, imempasa kumwacha Mungu altareni ili amkute Mungu jikoni.

3. Punje zilizobaki ghalani

Njaa iliingia Roma. Maskini walilala njiani, na Fransiska akawa anatoa ngano na divai katika ghala ya nyumba. Baba mkwe wake akaogopa. Akasema, "Mkwe wangu atatumaliza!" Akauza ngano ya akiba, akabakiza ile ya kuwatosha watu wa nyumbani tu.

Fransiska hakugombana na mzee, wala hakuiba. Aliingia pamoja na Vannozza katika ghala tupu, wakapekua majani makavu na makapi, wakaokota punje moja moja, wakazipeleka kwa wenye njaa. Inasimuliwa kwamba baadaye ghala lile lilionekana limejaa ngano safi, na tangu siku ile hakuna aliyemzuia tena. Wahenga walisema kweli: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

4. Vita na msiba

Mwaka 1408 askari wa Ladislas, mfalme wa Napoli, waliingia Roma. Lorenzo alijeruhiwa vibaya. Katika miaka ile ya vita mwana Battista alichukuliwa kuwa mateka, mashamba yakaharibiwa, nyumba yao ikanyang'anywa mali. Kisha ikaja tauni. Mwaka 1411 Evangelista akafa, angali mtoto. Baadaye Agnese naye akafa.

Enyi mama mnaosoma habari hii, wengi wenu mwajua uchungu huo. Nanyi mmekimbia risasi, mmezika watoto, mmerudi na kukuta nyumba bila mlango. Fransiska alilia kama ninyi. Lakini hakufunga mlango wa moyo. Katika nyumba ile iliyobomolewa alitengeneza mahali pa kulaza wagonjwa, akawaosha vidonda. Mali ilipokwisha, yeye binti wa matajiri alikwenda katika shamba lake la mizabibu nje ya mji, akakusanya kuni, akampakia punda, akapita nazo katika njia za Roma mbele ya macho ya watu, akawagawia maskini. Asiye na ngano alitoa kuni.

5. Mama mpaka mwisho

Lorenzo alirudi amechoka kwa vita, na mkewe akamtunza. Battista naye alirudi, akaoa msichana mwenye majivuno, aitwaye Mobilia. Mkwe huyo alimdharau Fransiska na kuyacheka mavazi yake. Akaugua, Fransiska akamuuguza usiku na mchana. Mobilia akaona haya, akabadilika, akampenda.

Mwaka 1425 Fransiska aliunda chama cha wanawake wa kusali na kuwahudumia maskini. Mwaka 1433 wakapata nyumba yao, iitwayo Tor de' Specchi. Lakini yeye hakuhamia huko siku ile, kwa kuwa mumewe alikuwa hai. Alipofariki Lorenzo, mwaka 1436, ndipo alipoingia kuishi na wenzake. Hivyo alipata alichokitamani tangu utoto, baada ya kungoja miaka 40.

Mwaka 1440 Battista akaugua. Mama mzee akatoka katika nyumba ya watawa, akaenda kumtazama mwanawe. Hukohuko homa ikamshika, akafa tarehe 9 Machi, katika nyumba ileile alimoolewa. Papa Paulo V alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1608.

6. Tujifunze

Sasa ninamjibu yule mama. Kwanza, nyumba yako ni altare yako. Usimwache mtoto wako na njaa ili usifiwe kwa wema wa nje. Pili, usiseme nyumba imenitosha. Siku ya mwisho Bwana Yezu atatuuliza kama tulimlisha mwenye njaa na kumtazama mgonjwa. Naye ni Bwana wa mama na wa baba, si wa masista peke yao. Tatu, usiende peke yako: tafuta Vannozza wako, mpeane zamu, mmoja abaki na watoto, mwenzake ampelekee mgonjwa maji. Nne, asiye na chakula ana mikono: mzigo mmoja wa kuni kwa bibi mjane ni sadaka kamili.

Nanyi akina baba, msidhani fundisho hili haliwahusu. Lorenzo hakuona haya kuwa na mke mwenye huruma. Jiko likiwa baridi kwa kuwa mkeo yuko kwa mgonjwa, washa moto wewe.

Maulizo

Ulizo: Fransiska alifanya nini alipoitwa katikati ya sala?
Jibu: Aliiacha sala bila hasira, akaenda kufanya kazi ya nyumba kwa ajili ya Mungu.

Ulizo: Alitoa nini alipokosa ngano?
Jibu: Alitoa kuni alizokusanya kwa mikono yake.

Ulizo: Kwa nini hakuingia Tor de' Specchi mapema?
Jibu: Kwa sababu wajibu wake kwa mumewe ulitangulia.

Azimio la juma hili: Kila mkatekumeni amtafute jirani mmoja mgonjwa, mzee au mjane, amfanyie kazi moja ya mikono, wala asimwambie mtu.

Mtakatifu Fransiska wa Roma, utuombee.