SOMO LA ROBO HII: Mama Anapolazwa na Mtoto

Katika vikundi vyetu vya akina mama hapa Karatu na Ngorongoro tumezoea kuzungumzia chanjo, lishe na uzazi wa mpango. Lakini mtoto anapolazwa hospitali, hasa mara ya pili na ya tatu, nani analala naye wodini na nani anabaki na nyumba? Somo hili linahusu jambo hilo. Tunaomba akina baba nao walisome.

Mama ni sehemu ya matibabu

Kwetu mama kulala wodini na mtoto si jambo la ajabu. Wenzetu wa Ulaya walichelewa. Huko Uingereza, mpaka miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto kwa saa chache tu. Iliaminika kwamba mtoto aliyenyamaza kitandani amekwisha kuzoea. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo bila mama yake. Filamu hiyo ilionyesha kuwa ukimya ule ulikuwa huzuni. Mwaka 1959 kamati ya serikali ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

Kwa hiyo mama wa Rhotia au Endulen aliyeketi pembeni ya kitanda cha mwanawe hakuja kusindikiza tu. Ananyonyesha. Anamshika mtoto wakati wa sindano. Usiku, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi, yeye ndiye wa kwanza kuona kupumua kumebadilika au dripu imesimama. Mama, usiogope kumwamsha au kumwita muuguzi. Tena usimdanganye mtoto kwamba hatachomwa. Mwambie itauma kidogo, itakwisha, nawe upo. (Na tuache ile tabia ya nyumbani ya kuwatisha watoto: "Ukilia daktari atakuchoma!" Siku ya ugonjwa tunavuna tulichopanda.)

Siku ya tatu

Tuchukue mfano wa mama wa Mang'ola aliyeleta mtoto mwenye nimonia. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza. Mama anawaza vitunguu vyake, zamu ya maji ya mfereji imefika, watoto wawili wako kwa jirani, na fedha za chakula zimekwisha. Anaomba kuondoka. Pengine anaondoka bila kuomba. Dawa haijatimia, na baada ya siku chache yuko tena barabarani na mtoto mgonjwa kuliko mwanzo.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali jaribu hili ni kubwa zaidi. Siku za kwanza hupewa maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Mama huona kama mwanawe ananyimwa chakula. Kisha uvimbe wa miguu unashuka, na mizani inaonyesha uzito umepungua! Wengi hukata tamaa hapo, na wengine humpa mtoto uji kwa siri. Ukweli ni kwamba mwili wa mtoto huyo bado hauwezi kuhimili chakula kingi, na uzito uliopungua ni maji ya uvimbe. Ni dalili njema. Baadaye huongezewa maziwa ya F-100 au chakula-dawa cha karanga, na hapo ndipo mwili hujengeka. Mama akielezwa haya mapema, huvumilia.

Lugha nayo ni tatizo. Mama anayezungumza Kiiraqw au Kimaasai huitikia "ndiyo" kwa kila anachoambiwa kwa Kiswahili, kwa heshima tu. Aombe mkalimani, hata mzazi mwenzake wa kitanda cha pili. Kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyompa mtoto dawa.

Mzigo wa nyumbani

Hapa ndipo akina baba wanapohusika. Mama hatoroki wodini kwa sababu hampendi mtoto. Anatoroka kwa sababu nyumba imemwita. Baba akiuza mbuzi mmoja mnadani na kutuma fedha ya chakula, na akija mwenyewe kulala wodini usiku mmoja ili mama apumzike, siku zilizobaki zinawezekana. Hospitali ikitoa rufaa kwenda KCMC Moshi, zaidi ya kilometa 200 kutoka Karatu, mambo huwa mazito zaidi. Huko jirani hawezi kuleta chai asubuhi.

Msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali haulipi nauli wala chakula cha mama, na hospitali za mashirika ya dini huwa na taratibu zake. Uliza mapema, na umtafute afisa ustawi wa jamii kabla deni halijakua. Vikundi vya VICOBA vina mfuko wa jamii, na kulazwa kwa mtoto ni sababu halali ya kuutumia. Mwingine achukue watoto waliobaki, mwingine akamue na kuchunga, mwingine apeleke blanketi, maana usiku wa nyanda za juu ni baridi.

Siku ya kuruhusiwa

Usiondoke kabla ya kujua dawa ni ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, na tarehe ya kurudi. Weka karatasi ya ruhusa pamoja na kadi ya kliniki. Rudi mara moja, bila kungoja tarehe hiyo, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida. Usishangae pia akikung'ang'ania na kulia usiku kwa muda. Aliyebaki nyumbani naye atataka kubebwa.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Katika kitongoji chetu, ni mtoto gani amelazwa zaidi ya mara moja mwaka huu, na nani alimpikia mama yake? Mama akilazwa na mtoto leo usiku, nani ataamka kesho kwenda kukamua ng'ombe wake?