Programu ya Windows Ndani ya Linux: Ni Nani Mmiliki wa Faili?

Katika somo hili tunakusudia kueleza tatizo linalowasumbua wengi wanaoendesha programu za Windows katika kompyuta yenye mfumo wa Linux. Tuseme karani wa chama cha ushirika anayo programu ya hesabu iliyotungwa kwa ajili ya Windows. Programu inafunguka na hesabu za miaka iliyopita zinasomeka, lakini anapoiamuru ihifadhi hesabu za leo, anajibiwa kwamba hana ruhusa. Kompyuta anaitumia peke yake, wala haoni aliyemkataza.

Chombo kinachomwezesha kufanya kazi hiyo ni Wine, kilichoanza kutungwa mwaka 1993. Kazi yake ni kupokea maombi ya programu ya Windows na kuyageuza yawe maombi ambayo Linux inayaelewa. Yafaa ieleweke kwamba Wine haiundi kompyuta ya pili ndani ya ile ya kwanza. Kwa hiyo Linux huihesabu programu hiyo kuwa ni kazi mojawapo ya mtumiaji aliyeianzisha, na huipa uwezo ule ule alionao mtumiaji huyo, wala si zaidi.

Sasa, katika Linux kila faili ina mmiliki na ina kundi. Ruhusa ni za namna tatu: kusoma, ambayo huandikwa kwa tarakimu 4, kuandika, 2, na kutekeleza, 1. Hutolewa kwa mmiliki, kwa kundi, na kwa watu wengine. Faili yenye 644, kwa mfano, huandikwa na mmiliki wake tu. Wengine wote husoma.

Hapo ndipo ilipo siri ya karani wetu. Alipohamisha hesabu kutoka katika diski ya zamani alitumia mamlaka ya mtumiaji mkuu, kwa amri ya sudo, na faili mpya zikawa mali ya mtumiaji mkuu. Karani akabaki miongoni mwa “watu wengine”. Faili zilizonakiliwa kutoka katika sidii nazo huweza kuleta udhia unaofanana na huo, kwa kuwa mara nyingi huja bila ruhusa ya kuandika hata kwa mmiliki.

Wengi hukimbilia kuandika 777, yaani kumfungulia kila mtu kila kitu. Dawa hiyo ni mbaya, na pengine haiponyi hata kidogo. Wine huweka mali yake katika saraka iliyofichwa iitwayo .wine, na kabla ya kuanza kazi huangalia kama saraka hiyo inamilikiwa na yule anayeiendesha. Haiulizi ruhusa, inauliza umiliki. Ndiyo maana makarani wawili hawawezi kushirikiana saraka moja ya Wine, hata ikifunguliwa wazi namna gani. Kila mmoja hana budi kuwa na yake. Mtumiaji mkuu mwenyewe hukataliwa akijaribu kutumia saraka ya mwingine. Katazo hilo lina faida kubwa, kwani kwa kawaida Wine huonyesha faili zote za kompyuta kama diski Z, na programu mbovu yenye mamlaka makuu ingeweza kuharibu mfumo mzima.

Basi karani na atafute kwanza faili zisizo zake:

find ~/.wine ! -user $USER

Kisha azirudishe mikononi mwake:

sudo chown -R $USER ~/.wine

Hapa sudo inafaa, kwa sababu inabadili umiliki tu wala haiendeshi programu. Ikiwa kilichopungua ni ruhusa ya kuandika, amri ya chmod u+w juu ya faili inayohusika yatosha.

Lakini ikiwa saraka ya Wine imewekwa katika diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa Windows, yaani NTFS, huenda chown isibadili lolote. Kwa kawaida umiliki wa faili za diski hiyo huamuliwa wakati diski inapounganishwa na mfumo, nao hubadilishwa kwa kuiunganisha upya na kutaja namba ya mtumiaji. Ushauri wetu ni kuiacha saraka ya Wine katika diski ya Linux yenyewe, na diski ya NTFS itumike kuhifadhi nakala za hesabu.